Makopo, Dira na Jembe la Alhamisi

Walimu wenzangu, mmenitaka niandike miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nashukuru kwa adabu yenu ya kutosema "kabla hujafa." Vyeo sitaviandika. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo za stoo isiyokuwa na kitu. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitaandika habari za makopo, na wa kulaumiwa ni Mwalimu Gwamaka.

Gwamaka, kijana wetu wa Jiografia, alinijia wiki yangu ya mwisho kazini ameshika kidude cha satelaiti, mfano wa redio ndogo. Akanieleza kwamba siku hizi kuna mchezo: mtu anaficha kiboksi mahali, anatoa namba za mahali pale, wenzake wanakitafuta kwa kidude. Wakikipata wanaandika majina kwenye kidaftari kilichomo, na ukichukua kitu unaacha kingine. Alitaka kuutumia kufundishia darasa la sita. Akaniuliza kwa sauti ya upole, ile mnayotumia kwa bibi zenu, kama nimeelewa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilificha makopo Ilomba kabla baba yako hajaota ndevu. Akacheka, akadhani ni utani wa wazee.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, shule ya msingi pembezoni mwa Mbeya, upande wa Ilomba, wakati huo Ilomba ni mashamba ya mahindi na njia za ng'ombe. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Kimoja kilibaki kwenye matope nje ya geti, nikaingia ofisini nimeshika cha pili mkononi. Mwalimu Mkuu alikitazama kiatu, akafungua kabati. Alinipa darasa la tano, chaki tatu, na ramani moja ya Tanzania ambayo panya walikuwa wamekwisha kula Mtwara yote.

Wiki mbili nilifundisha pande za dunia. Watoto waliimba vizuri ajabu: kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Wiki ya tatu nikawauliza, "Haya, kaskazini iko wapi?" Darasa zima likanyoosha vidole kwenye dari.

Nilitoka nje nikasimama ukutani, maana nilihisi machozi yananijia. Pale nje alikuwepo Mzee Sanga, fundi wa shule, Mkinga wa maneno machache, anagongelea mguu wa dawati. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Ujanani mwake aliwabebea wapima ardhi mnyororo kwa miaka mingi, huko na huko mpaka mpakani Tunduma, na alijua mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha.

"Mwalimu," akaniambia, misumari ikiwa bado mdomoni, "hao umewafundisha karatasi. Watoe nje wakakanyage."

"Wakakanyage nini, mzee?"

"Kaskazini." Akaelekeza nyundo Mlima Loleza. "Ile pale. Imesimama hapo tangu hujazaliwa."

Kesho yake niliwatoa nje. Jioni Mzee Sanga alinionesha dira yake, kikasha cha shaba amekizungusha kitambaa cha fulana. Kabla hajaniwekea mkononi alinivua bangili, akaninyang'anya funguo, akauliza kama nina kijembe cha kuchongea penseli mfukoni. "Dira na chuma ni kama wake wenza," akasema. "Usiwakalishe karibu." Akanifundisha kuhesabu hatua: unaweka maharage kumi mfuko wa kulia, kila hatua mia unahamisha moja mfuko wa kushoto, hivyo mtu akikusalimia njiani unaweza kumjibu bila kupotea. Tena kila mtu apimwe hatua zake. Unanyoosha kamba yenye mafundo, mtoto anatembea hatua mia, unaandika ni mita ngapi, maana hatua za mtoto mmoja si za mwenzake. Hilo nalisisitiza, Gwamaka, ingawa kidude chako hakina miguu.

Makopo yalianza hivi. Watoto walichoka kupima kutoka mlingoti hadi choo, na kusema kweli hata mimi nilichoka. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikaweka kidaftari, kipande cha penseli na kifungo chekundu, nikalificha kando ya kijito, nikaandika ubaoni digrii na hatua. Nilikuwa sijawahi kuona watoto wakikimbilia Jiografia. Kanuni tulizitunga siku hiyo hiyo: atakayelipata aandike jina lake, na akichukua kifungo aache kitu chake. Waliacha mbegu za parachichi, maganda ya konokono, na safari moja jino.

Siku ya tatu kopo likapotea. Nililikuta Jumamosi sokoni, mama mmoja analipimia karanga. Unafikiri ningemwambia nini? Nikamwomba anipimie karanga kwa kopo langu mwenyewe, nikaenda zangu. Tangu hapo kila kopo nililitoboa tundu la msumari kitakoni, kwa sababu kopo lenye tundu halipimi wala halichoti maji, na hakuna atakayelitaka. Kidaftari unakifunga kwenye nailoni. Chakula usiweke, siafu hawajui kanuni za mchezo.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Iringa. Mzee Sanga alinisindikiza stendi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwalimu yeyote, na basi lilipoanza kuunguruma akanipitishia kile kitambaa cha fulana dirishani. Nilijua kilichomo kwa uzito wake. Nikasema, mzee, hiki ni chako. Akasema macho yake hayaoni tena namba. Halafu akageuka akaondoka kabla basi halijaondoka, kwa sababu yeye hakupenda kuagana. Mimi nililia mpaka Makambako.

Iringa mjini nililala siku mbili Mlandege kwa binamu yake mama, kisha nikatembea kupitia Kihesa na kuendelea, zaidi ya saa mbili, sanduku kichwani, hadi shule niliyopangiwa. Sitaitaja. Ilikuwa shule ya vyumba vinne katikati ya majabali makubwa ya mviringo, na watu wake walikaa mbalimbali, kila ukoo na kilima chake. Mimi ni Mnyakyusa, Kihehe sikujua zaidi ya "kamwene." Bahati nzuri hiyo ni salamu ya asubuhi, mchana na jioni, kwa mkubwa na mdogo, nikaona ni lugha yenye huruma kwa mgeni.

Niliendeleza makopo. Mahali pa kuanzia palikuwa jabali moja bapa tuliloliita Jabali la Kunguru, kwa sababu mlingoti unaweza kuhamishwa na mti unaweza kukatwa, lakini jabali lile hata tembo asingelisogeza. Kila mwanafunzi alikuwa na zamu. Jioni ya zamu yake namkabidhi dira na kopo. Anakwenda kuficha upande wa nyumbani kwao, anaandika digrii na hatua kutoka jabalini, kesho yake wenzake wanatafuta. Likipatikana bila msaada, alama kumi. Likikosekana, mwenyewe anatupeleka, tunapima upya, anapata alama kadiri alivyokosea.

Niliwafundisha yote niliyofundishwa. Kabla ya kumpa mtoto dira nilimkagua bangili, visu, na waya za kutengenezea magari ya kuchezea. Na niliweka kumbukumbu za kila kopo kwenye daftari kubwa. Humo pembeni, kwa mwandiko wangu, kuna maneno haya: "Zamu za Alhamisi hukosewa sana. Wanachoka." Alhamisi ilikuwa siku ya shamba la shule. Elimu ya kujitegemea, mnaikumbuka kwa kusimuliwa. Kila mtoto alikuja na jembe begani, akarudi na jembe begani. Ungemkuta mtoto Alhamisi hana jembe ungedhani anaumwa.

Sasa nimwingize Anjelina Kikoti. Alikuwa darasa la tano, mrefu, mkimya, anaishi na bibi yake tu, mama wa mama yake. Mama alifariki siku aliyomzaa. Baba sikuwahi kusikia akitajwa. Zamu yake iliangukia Alhamisi. Ijumaa aliniletea karatasi: digrii mia moja na kumi na nane, hatua mia nne na thelathini. Mwandiko safi kabisa.

Vikundi viwili vilitafuta mpaka saa sita mchana. Hakuna kopo.

"Anjelina, liko wapi?"

"Lipo, mwalimu."

"Haya, twende ukatuoneshe."

"Hapana, mwalimu." Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Watalipata wenyewe tu."

Darasa likacheka. Mmoja akasema labda amelificha kwenye chungu cha bibi yake, wakacheka zaidi. Mimi nina hasira za karibu, mnanijua. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimechubuliwa na miiba, nikaona mtoto ananifanyia kiburi mbele ya darasa. Nikamwambia asiyetaka kuonesha kopo lake hana kopo. Nikatoa kalamu nyekundu nikamwandikia sifuri palepale, daftari nikiwa nimelilaza juu ya jabali. Alilia. Nikadhani analilia sifuri.

Mwaka uliofuata watu walihamia kijijini. Wale wa vilimani walishuka wakajenga kwa mistari karibu na shule, kila mmoja amebeba miti ya nyumba yake ya zamani, milango, hata nyasi za paa. Kule walikotoka kulibaki mahame, na baadaye mahame yakapangwa kuwa shamba la kijiji. Watu wazima wakafyeka, wakang'oa visiki, wakachoma nyasi. Wakati huohuo shule ikataka kujenga chumba cha tano, cha matofali, na msingi unataka mawe. Nani aliongoza wanafunzi kwenda kuokota mawe mahameni? Mimi. Wiki nzima tuliimba njiani, kila mtoto na jiwe kichwani. Anjelina hakuwepo wiki hiyo; alikuwa anamuuguza bibi. Nilijisifu kwa Mwalimu Mkuu kwamba darasa langu limeleta lundo kubwa kuliko yote. Lilikuwa kubwa kweli.

Ijumaa moja, mwezi wa kumi na moja, mvua zikinukia, bibi yake Anjelina alikuja shuleni. Alikuwa amepofuka kwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alitembea ameshika bega la mjukuu wake. Nilimpa kiti nje ya ofisi. Hakukaa.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, bibi."

"Nimekuja kuulizia mawe."

Nikasema mawe gani, bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. "Kule kwetu ya zamani ilikuwepo mawe, saba, marefu hivi, imezunguka. Hiyo mawe ilikuwa ya mtu wangu. Huyu mtoto nimemtuma juzi aisafishe kabla trekta haijakuja. Anasema mawe haipo. Wamesema watoto wa shule imebeba."

Mkono wangu ukapanda mdomoni. Anjelina alikuwa anatazama tena vidole vya miguu yake.

"Kaburi la mama yake?" nikauliza.

"La binti yangu, ndiyo. Sijaja kugombana, mwalimu. Nataka tu nijue ni wapi, niweke hata kijiti. Trekta inakuja Jumatatu. Mtu wangu akilimwa juu, mimi nitamwambia nini nikimkuta?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na nimefundisha miaka mingi. Nikamwomba msamaha. Akasema mawe hayana shida, mawe yapo mengi, shida ni mahali. Anjelina alikuwa amekwenda mara tatu, na mara zote tatu ameonesha mahali tofauti. Nyumba haipo, miti haipo, hata njia haipo. Pote majivu meusi na mashimo ya visiki. Majirani wa zamani nao kila mmoja alinyoosha kidole kwake.

Ndipo Anjelina akasema, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kopo langu liko pale."

"Kopo gani?"

"Lile la sifuri. Nililifukia miguuni kwa mama."

Nilikimbia ndani nikafungua kabati. Daftari kubwa lilikuwepo, karatasi yake imebandikwa humo, na sifuri yangu nyekundu juu yake. Pia zilikuwepo hatua zake: hatua mia za Anjelina ni mita sitini na moja. Nilimshukuru Mzee Sanga kwa sauti, kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka kama muhogo, na kama tungehesabu kwa miguu yake mipya mirefu tungekwenda mbali mno. Mwenyekiti wa kijiji alikubali tuchimbe Jumamosi na Jumapili. Trekta hakuweza kulizuia. Lilikuwa la zamu, kijiji kwa kijiji.

Jumamosi asubuhi tulikuwa jabalini, mimi, Anjelina, bibi, na akina baba wanne waliojitolea. Nilivua bangili. Nilipima digrii mia moja na kumi na nane mara tatu, nikavuta kamba yenye mafundo mita mia mbili sitini na mbili, nikachomeka kijiti. Wakachimba. Wakapanua, hatua tano kila upande, halafu kumi. Saa saba mchana tulikuwa na shimo la kuzikia ng'ombe na hatukuwa na kopo. Bibi alikuwa amekaa juu ya jabali amefunika kichwa kwa kitenge. Kila jembe lilipogonga jiwe aligeuza sikio.

Baba mmoja akasema, kwa nia njema tu, kwamba tuweke mawe hapahapa, bibi haoni, moyo wake utatulia. Nikamwambia nyamaza. Nadhani nilimwambia vibaya zaidi ya hivyo. Bibi haoni lakini si mjinga, na mimi nilishamkosea mtu huyu mara moja.

Nikarudi jabalini na Anjelina. "Nioneshe," nikamwambia. "Siku ile ulikuja vipi, ulisimama wapi, ulishika vipi. Kila kitu. Usiruke."

Akawaza. Halafu akatelemka jabali, akaenda kwa wale akina baba, akarudi na jembe. Nikamuuliza la nini. Akanishangaa kidogo. "Ilikuwa Alhamisi, mwalimu."

Alipofika juu akataka mikono yote miwili, mmoja wa dira na mmoja wa penseli. Basi akaning'iniza jembe begani, mpini nyuma, bapa kifuani, kama watoto wote wa Uhehe wanavyofanya mikono ikiwa na kazi. Akainua dira mbele ya kifua chake.

Nilisogea nikaangalia sindano. Ilikuwa imehama. Nikamwambia, "Weka jembe chini, lakini usitikise dira." Akalishusha polepole, sindano ikarudi. "Libebe tena." Sindano ikaondoka, ikavutwa kuelekea lile bapa digrii kumi na nne nzima.

Mama yangu wee! Bangili nilivua. Visu nilikagua. Waya nyembamba kama unywele niliziona. Jembe, kilo nzima ya chuma kifuani kwa mtoto, sikuliona, kwa sababu Alhamisi jembe lilikuwa sehemu ya mtoto kama pua. "Wanachoka," niliandika. Aliyechoka akili ni nani?

"Anjelina," nikamwambia, "mama yangu, usisogee. Beba jembe kama siku ile. Geuka mpaka dira ikuandikie mia moja na kumi na nane ileile."

Akageuka polepole. Akasimama. Nilikaa nyuma ya bega lake nikatazama mbele ya mkono wake, na mstari haukwenda kule kwenye shimo letu hata kidogo. Ulikwenda kulia, chini ya mteremko, palipokuwa na majivu matupu. Tukavuta kamba upya. Kijiti kipya kilikaa kama mita sitini kutoka tulikoshinda asubuhi yote tukichimba.

Jembe la tatu lililia. Si mlio wa jiwe, ni mlio wa bati. Baba yule niliyemnyamazisha akatupa jembe akaendelea kwa mikono. Kopo lilitoka limekula kutu, tundu langu la msumari kitakoni. Bibi alikuwa ameshasimama, hakuna aliyemwambia kitu. Anjelina akamfuata, akamshika mkono, akamleta mpaka pale. Bibi akapiga magoti, akaweka viganja viwili juu ya udongo, akaanza kuzungumza Kihehe, maneno marefu, wala hakuwa anazungumza na sisi. Sikuelewa. Wote tulivua kofia na vilemba.

Kifuniko tulikifungua kwa ncha ya kisu. Kwenye nailoni kidaftari kilikuwa kikavu. Ndani kulikuwa na shanga moja ya bluu, ya kumwachia atakayefika kwanza. Bibi akaniambia, "Soma, mwalimu. Ameandika nini huyu?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko uleule safi. Nilisoma kwa sauti mpaka sauti ikakatika, na baba mmoja akanipokea daftari akamalizia. Mtoto alikuwa ameandika: "Umefika kwa mama yangu. Hajawahi kupata wageni wa shule. Msalimie, uandike jina lako."

Mwaka mzima na zaidi kidaftari kile kilikuwa hakina jina. Alitaka darasa lake liende kumsalimia mama yake, na alitaka lifike lenyewe, bila kuvutwa mkono. Mimi nikampa sifuri. Nililia mbele ya wazazi wa wanafunzi, na sioni haya kuliandika hilo.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, niliita darasa nikawaeleza kila kitu, pamoja na kosa langu. Sikuwaamuru. Kila mmoja alikwenda kwenye lile lundo la msingi, akachagua jiwe, akalibeba kichwani kurudi kule tulikolitoa. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hatujui yale saba ni yapi. Bibi akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Mwalimu, mawe haina ukoo. Leteni tu." Waliweka jiwe, wakasema "Kamwene, mama," wakapiga goti kwenye kidaftari, wakaandika jina. Yule aliyefanya utani wa chungu cha bibi alikaa muda mrefu kuliko wote. Mimi niliandika wa mwisho. Shanga hakuichukua mtu. Wakaacha vifungo, mbegu, na kalamu mpya ya risasi ambayo najua mwenyewe hakuwa na nyingine.

Nilitaka kumfutia Anjelina ile sifuri. Nikampa daftari kubwa afute mwenyewe. Akasoma karatasi yake, akasoma na maneno yangu ya pembeni kuhusu Alhamisi, akaniuliza kama anaweza kuandika. Nikamwachia kalamu nyekundu. Sifuri hakuifuta. Alikata neno "wanachoka," akaandika juu yake "majembe."

Jumatatu trekta lilikuja. Dereva alikuwa mgeni, mtu wa Mbozi, ana vijiji vingi mbele yake na haraka nyingi. Alipofika kwenye mduara wa mawe akasimamisha, akashuka, akauliza pana nini hapa. Anjelina alikuwa amekaa juu ya jiwe moja, sare ya shule, hana jembe. Akamjibu, "Mama." Dereva akapanda, akazungusha usukani, akalima akipinda.

Kwa hiyo, Mwalimu Gwamaka, ukianza mchezo wako: omba ruhusa ya mwenye ardhi, toboa kopo, usiweke chakula, muulize mtoto kwa nini amechagua mahali pale kabla hujamwandikia alama. Na nimesikia kidude chako hakijali majembe. Watoto wayaweke chini hata hivyo.

Mwezi uliopita, baada ya kukabidhi funguo za ile stoo, nilipanda basi hadi Iringa, nikatembea kutoka Kihesa kwa fimbo. Shamba siku hizi limegawanywa kwa watu, lakini kila aliyelipata amefuata matuta ya mwenzake wa nyuma, na mistari ya mahindi inapinda palepale. Makaburi sasa ni mawili. Bibi yuko pembeni ya binti yake. Nilisema kamwene mara mbili, nikaweka jiwe, nikarudi kuwahi basi.